UZI: Mama mwenye kesi ya malezi ya mtoto, ijue sheria kabla hujakata tamaa kwa kukosa pesa ya wakili

MamaPacha (mwanzisha uzi)

Habari za muda huu wanajamvi. Miaka mingi nimekuwa msomaji tu humu. Leo nafungua uzi kwa sababu wiki iliyopita nilimkuta mama mmoja kwenye korido ya mahakama analia mpaka sauti imemkauka. Kesi yake ilikuwa imesikilizwa upande mmoja. Hati ya wito ilimfikia, akadhani ni vitisho vya mumewe, akaichana. Hakukuwa na mtu wa kumwambia kwamba karatasi ile yenye muhuri ina tarehe, na tarehe ya mahakama haimngoji mtu.

Nami nilikuwa hivyo hivyo. Wanangu pacha walikuwa na miaka 5 baba yao alipofungua maombi ya kukaa nao. Wakili wa kwanza niliyemwendea alinitajia kiasi ambacho hata ningeuza kila kitu ndani ya nyumba kisingetimia. Nikatoka pale miguu haina nguvu, nikajiambia basi, watoto wamekwenda. Fikra hiyo ndiyo ninayotaka tuing'oe leo: kwamba asiye na pesa ya wakili hana kesi. Wakili ni msaada mkubwa, sibishi. Lakini yapo mengi mama anaweza kuyajua kwa daftari, nauli na muda wake, na akishayajua, hata hizo pesa chache alizonazo atazipeleka panapostahili.

Siku yangu ya kwanza niliingia na mfuko wa nailoni umejaa karatasi. Kadi za kliniki, risiti za ada, barua, picha, vyote vimechanganyika. Hakimu akaniuliza, "Watoto hulala saa ngapi, na asubuhi nani huwaamsha?" Mimi nikaanza na yule mwanamke aliyeingilia ndoa yangu. Nikasema, nikasema. Hakimu akanisikiliza kwa upole, kisha akarudia swali lile lile. Hapo ndipo nilipotazama kalamu yake nikaona ilikuwa imelala mezani muda wote niliokuwa naongea.

Nilipotoka nje, mama mmoja mtu mzima ambaye ni msaidizi wa kisheria wa kujitolea alinifuata akanishika mkono. Akaniambia, "Mwanangu, pale ndani hawatafuti nani alivunja ndoa. Wanatafuta mtoto alale wapi, asome wapi, atunzwe na nani, na mzazi mwingine amwone vipi. Jibu hayo manne." Alikuwa akikaa na kina mama kila Jumamosi, bure, anawafundisha. Jumamosi tatu nilizokaa pale zilinisaidia kuliko miezi yote niliyokesha nikilia.

Kitu cha kwanza alichonifundisha ni daftari. Daftari la kawaida la shule, limepigwa mistari safu tatu: tarehe na saa, kilichotokea, nani aliona. Nikaanza kuandika. Nilipomwonyesha, akakata kwa kalamu nyekundu kila mahali nilipoandika "baba yao hajali". Akasema hayo ni maoni, hakimu hawezi kuyashika mkononi. Nikajifunza kuandika hivi: "Jumapili, walitakiwa kurudishwa saa 12 jioni, wamerudishwa saa 4 usiku, mmoja ana homa, jirani wa mlango wa pili alikuwepo." Halafu akaniambia jambo ambalo mwanzoni lilinikera. Niandike na mazuri ya baba yao. Siku aliyowapeleka hospitali, niandike. Siku aliyoleta sare za shule, niandike. Kumbe mtu anayeandika pande zote mbili ndiye anayeaminika anapolalamika.

Nimeandika kirefu, nisameheni. Wenye uzoefu, karibuni muongezee nyama. Wenye kesi sasa hivi, ulizeni bila aibu.

Karani Mstaafu

Asante sana dada kwa bandiko hili. Nimefanya kazi masjala ya mahakama, yaani ofisi inayopokea na kutunza majalada ya kesi, zaidi ya miaka 20 na ninathibitisha hilo la tarehe. Wengi niliowaona wakipoteza hawakuwa wazazi wabaya. Walikosa siku moja tu. Kuna waliofika mahakama sahihi lakini chumba kingine, wakakaa kwenye benchi mpaka mchana huku majina yao yameshaitwa.

Ukipata wito, fanya mambo mawili siku hiyo hiyo. Tazama namba ya shauri, iandike mahali pengine mbali na karatasi yenyewe. Kisha tazama umepewa siku ngapi za kuwasilisha majibu. Kuna siku ya kufika na kuna siku ya mwisho ya kujibu kwa maandishi, na hizo si kitu kimoja. Watu hushika ile ya kufika, hii nyingine ikawapita.

Tena usiogope dirisha la masjala. Karani haruhusiwi kukupa ushauri wa kisheria, yaani hawezi kukwambia uandike nini ili ushinde. Lakini anaweza kukuonyesha fomu ipi inatumika, nakala ngapi zinatakiwa, kama kuna ada na kama kuna fomu ya kuomba kusamehewa ada kwa asiye na uwezo. Fomu hiyo ipo katika mahakama nyingi duniani na haiombwi kwa sababu watu hawajui kuwa ipo. Kwa hiyo uliza kwa jina: "Naomba fomu ya msamaha wa ada."

Na kabla ya siku yako, nenda ukakae mahakamani kama msikilizaji. Mashauri mengi ya watoto husikilizwa faragha, hayo hutaruhusiwa, lakini kesi nyingine za kawaida ziko wazi. Kaa asubuhi moja tu. Utaona watu wanasimama wapi, wanamwitaje hakimu, wakili wa upande wa pili anahojije. Siku yako ikifika mwili hautatetemeka vile.

Zawadi_wa_Mama

Dada MamaPacha shikamoo. Nimesoma huku machozi yananitoka. Mimi mtoto wangu ana miaka 3. Baba yake amefungua maombi, tarehe ya kwanza ni mwezi ujao. Ndugu zangu wananiambia nisihangaike, mtoto mdogo ni wa mama, hakimu hawezi kumchukua. Wengine wananiambia nimchukue nivuke naye mpaka wa nchi, nikakae kwa dada yangu hadi mambo yapoe. Tena hajatoa matunzo miezi minne, kwa hiyo nimemzuia asimwone. Nimekosea?

MamaPacha

Marahaba mdogo wangu. Pole sana. Nitakujibu moja moja na nitakuwa mkweli.

Hilo la "mtoto mdogo ni wa mama" usilitegemee. Lina historia yake. Zamani katika sheria ya Uingereza mtoto wa ndoa alikuwa wa baba moja kwa moja, mama hakuwa na neno. Mwanamke mmoja mwandishi, Caroline Norton, mumewe alimnyang'anya wanawe watatu walipotengana mwaka 1836. Hakuwa na mahali pa kushtaki, akachukua kalamu, akaandika vijitabu na kuvisambaza kwa wabunge. Mwaka 1839 ikapitishwa sheria iliyomruhusu mama kuomba mahakama impe malezi ya watoto walio chini ya miaka 7. Inaniuma kila nikikumbuka kwamba sheria ile haikumfaa yeye mwenyewe kwa haraka, kwa sababu mumewe alikuwa amewahamishia watoto Scotland, ambako haikufika. Mdogo wao, William, alikufa mwaka 1842 baada ya kuanguka kutoka kwenye farasi.

Kutoka hapo ndiko fikra kwamba mtoto mdogo akae na mama ikaenea nchi nyingi. Ila mambo yamesonga. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao karibu dunia nzima imeuridhia, kifungu cha 3 unataka maslahi bora ya mtoto yatangulie. Umri wa mtoto unaangaliwa, ndiyo, na baadhi ya nchi bado zina vifungu vinavyompa mama nafasi kwa mtoto mchanga. Lakini ukikaa nyumbani kwa kuamini umeshashinda, mwenzako atafika na ratiba, risiti na mashahidi, wewe umefika na imani.

Kuvuka mpaka, tafadhali usifanye. Upo Mkataba wa Hague wa 1980 unaohusu watoto wanaohamishwa nchi isivyo halali. Nchi zilizojiunga nao hurejeshana mtoto wa chini ya miaka 16 ili kesi iamuliwe alikokuwa anaishi. Hata ukienda nchi ambako mkataba huo hautumiki, hakimu wako akisikia umetoroka na mtoto wakati kesi imeshafunguliwa, utatumia muda wako wote kujitetea wewe badala ya kueleza habari za mtoto. Kama unakimbia kipigo, hilo ni jambo jingine: nenda polisi, nenda ustawi wa jamii, omba amri ya ulinzi haraka, na useme mapema kwamba kuna ukatili ili usikalishwe meza moja ya usuluhishi na anayekupiga.

Na hilo la matunzo. Hapa ndipo kina mama wengi wazuri wanajiumiza. Matunzo ni jambo lake, kumwona mtoto ni jambo lake. Asipotoa matunzo, dai matunzo mahakamani, mahakama ina njia zake za kumbana. Ukimzuia asimwone mtoto, umempa kitu cha kukusema. Kifungu cha 9 cha mkataba ule ule kinasema mtoto aliyetengana na mzazi ana haki ya kuonana naye mara kwa mara, isipokuwa kama inamdhuru. Ona maneno yalivyowekwa: haki ni ya mtoto. Basi mwandikie leo, ujumbe mfupi wenye heshima, umpangie siku ya kumwona mahali palipo salama. Utunze ujumbe huo.

Baba Pendo

Naomba nichangie kama baba. Mimi nimepitia upande wa pili na binti yangu sikumwona mwaka mzima. Nikisoma kichwa cha uzi nilipata hasira kidogo, nikadhani ni kundi jingine la kuwafunza kina mama namna ya kutunyima watoto. Mbona elimu hii isiwe ya wazazi wote?

MamaPacha

Kaka yangu Baba Pendo, pole kwa mwaka huo, na nashukuru umesoma mpaka ukaandika. Elimu hii imfae kila mzazi, na yote niliyoandika hapo juu unaweza kuyatumia. Nimeandika kwa kina mama kwa sababu ndio ninaowakuta kwenye korido. Wengi wao waliacha kazi kulea, akaunti ilikuwa ya mume, hati zote ziko kabati la mume, na siku ya kesi mwenzao ana wakili wao hawana. Pia nakuhakikishia, mama aliyefundishwa ndiye atakayekupa ratiba ya kumwona binti yako. Anayekunyima mtoto mara nyingi ni yule mwenye hofu asiyejua mahakama itasema nini.

Wakili Kijana

Habari zenu wakuu. Mimi ni wakili, bado mchanga kazini, natetea zaidi mashauri ya familia. Naomba niseme kuhusu pesa, maana hilo ndilo linalowafukuza watu.

Kwanza mjue kwamba swali hili limefika mahakama kubwa kabisa. Mwaka 1979 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilimpa ushindi Johanna Airey, mama wa Ayalandi aliyetaka kutengana kisheria na mumewe mkatili lakini hakuwa na uwezo wa kumlipa wakili, na serikali haikuwa na msaada wa kisheria kwa mashauri hayo. Serikali ilijitetea kwamba mlango wa mahakama uko wazi, angeweza kujitetea mwenyewe. Mahakama ikakataa. Ikaona kwamba haki ya kufika mahakamani lazima imfae mtu kwa vitendo, isibaki maandishi. Lakini msitegemee kwamba kila serikali inafuata njia hiyo. Uingereza yenyewe, tangu Aprili 2013, iliondoa msaada wa kisheria kwa sehemu kubwa ya mashauri ya malezi kati ya wazazi, ikabakiza zaidi wenye ushahidi wa ukatili. Watu wanaosimama wenyewe mahakamani wakaongezeka.

Sasa, njia ambayo wengi hawaijui: huna lazima ya kumnunua wakili mzima. Mawakili wengi, mimi nikiwemo, tunakubali kulipwa kwa kipande cha kazi. Andika mwenyewe hati yako ya kiapo, yaani maelezo ya maandishi unayoapa kuwa ni kweli, mlete wakili aisome kwa saa moja na kukata yasiyofaa. Au mlipe akuandalie maswali utakayomhoji shahidi wa upande wa pili. Sehemu hizo mbili ndizo ningeziwekea pesa kama ningekuwa na kidogo tu. Kiapo, kwa sababu kikishawasilishwa kinakufunga, na kosa lake linakufuata mpaka rufaa. Mahojiano, kwa sababu mtu mwenye uchungu akipewa nafasi ya kuuliza huanza kugombana. Kujaza fomu, kupanga vielelezo (karatasi na picha za ushahidi), kufuatilia tarehe, hayo mama aliyefundishwa anayaweza kabisa.

Usiende peke yako kama kuna tuhuma za mtoto kudhalilishwa kingono, kama mtoto amevushwa mpaka, au kama unakata rufaa. Hapo tafuta wakili hata kwa kukopa. Anza na vitivo vya sheria vyuoni, vingi vina kliniki ambapo wanafunzi wanafanya kazi chini ya wakili, bila malipo au kwa malipo kidogo. Chama cha mawakili cha nchi yako kikiwa na orodha ya wanaojitolea, omba orodha hiyo.

Uliza pia kama mahakama yako inaruhusu rafiki akae pembeni yako. Kule Uingereza ruhusa hiyo ilitokana na kesi ya talaka ya McKenzie mwaka 1970: mtu aliyekaa kumsaidia mdaawa (mwenye kesi) asiye na wakili alizuiwa na jaji, rufaa ikasema alipaswa kuruhusiwa. Rafiki huyo hasemi na hakimu. Anaandika, anakukumbusha kwa sauti ya chini, anakupa karatasi inayotakiwa. Kwa mtu anayetetemeka, hilo si jambo dogo.

Hukumu nazo zinasomwa bure. Tangu Chuo Kikuu cha Cornell kilipoanza mwaka 1992 kuweka sheria kwenye intaneti, nchi nyingi zimefuata. Tafuta hukumu za malezi za mahakama zako, za miaka ya karibuni, na uende moja kwa moja pale jaji anapotoa sababu. Soma tano tu. Utaona anarudia mambo yale yale: nani amekuwa akimlea mtoto kila siku, makazi, shule, afya, ndugu zake asitenganishwe nao, na mzazi yupi atamwachia mtoto ampende mwenzake. Halafu tahadhari moja. Msikubali kila kinachoandikwa na programu za akili bandia za kujibu maswali. Mwaka 2023 mawakili wawili New York na ofisi yao walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi ambazo programu iliwatungia. Hukumu usiyoiona kwa macho yako mwenyewe, usiitaje.

Zawadi_wa_Mama

Narudi na mrejesho. Tarehe ilikuwa jana. Nilikwenda kukaa mahakamani wiki moja kabla kama alivyosema Karani Mstaafu, na mwanafunzi wa kliniki ya sheria akanisaidia kupunguza kiapo changu kutoka kurasa 11 hadi 4. Vielelezo nilivitia namba. Ule ujumbe wa kumpangia baba siku ya kumwona mtoto niliuambatisha, na majibu yake.

Upande wa pili waliomba kuahirisha. Hakimu akatoa amri ya muda: mtoto akae nami, baba awe naye Jumamosi mchana, na matunzo yaanze mwezi huu. Ameagiza afisa ustawi wa jamii aje nyumbani aandike ripoti kabla ya tarehe ijayo. Aliponiuliza mtoto analala saa ngapi nilijibu kwa sentensi moja, na nikaona akiandika.

Sasa hiyo ripoti ndiyo inaninyima usingizi. Nyumba yangu ni chumba na sebule. Nikope nihamie pakubwa kabla hajaja?

MamaPacha

Mdogo wangu, nimefurahi mpaka nimesimama. Usihame, na usikope. Kuhama sasa kutaonekana ni kuyumba, na deni utalilipa kwa pesa ya mtoto. Afisa anaangalia kama mtoto ana mahali pake pa kulala, kama ni pasafi na pa usalama, kama kuna anayebaki naye unapokuwa kazini na huyo mtu anamfahamu vipi. Mwandalie kadi ya kliniki, jina la mwalimu wa chekechea, na namba ya huyo anayebaki na mtoto. Akikuuliza kuhusu baba yake, anza na lile zuri, halafu mweleze linalokutia wasiwasi kwa tarehe zilizomo kwenye daftari.

Na mtoto usimfundishe la kusema. Ana miaka 3, atamwonyesha mgeni viatu vyake na mahali anapoficha mpira, na hayo yanatosha. Pacha wangu walipotembelewa, mmoja alimshika afisa mkono akampeleka kumwonyesha mswaki wake na wa baba yake, uliobaki pale kwenye kikombe tangu siku alipoondoka. Mimi nilitaka kuuficha asubuhi ile nikasahau. Kwenye ripoti iliandikwa kwamba watoto katika nyumba hii wako huru kumtaja baba yao.

Ukishapewa nakala ya ripoti, isome mstari kwa mstari, na kama kuna kosa andika pembeni kwa penseli ukurasa na mstari wake. Kisha njoo hapa kabla ya tarehe, tutakaa nayo pamoja.